Seva ya rimoti haiamki mashine inapowaka: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi, nipo Mtwara mjini, lakini mashine nyingi ninazozihudumia haziko mjini. Ziko Tandahimba, Newala na Masasi, na moja iko Ruangwa, upande wa Lindi. Kwa kawaida ofisi ina kompyuta moja inayobeba programu ya mizani na stakabadhi, na mhasibu anaifungua kutoka kwake kwa rimoti, yaani anaona skrini ya mashine ile kana kwamba amekaa mbele yake. Mambo yanakwenda vizuri mpaka siku umeme unakatika usiku. Asubuhi mashine imewaka, taa inamulika, feni inavuma, ila rimoti haifunguki. Msimu wa minada ya korosho simu huanza kuingia saa moja na nusu.

Maswali yaliyo hapa chini ni ya simu hizo. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ni kilomita 210, na sipendi kuisafiri kwa ajili ya amri mbili.

Mengi nitakayosema yanahusu Linux, hasa Ubuntu na Debian, na programu za rimoti za xrdp na TigerVNC, kwa kuwa ndizo ninazofunga mimi, yaani ninazoziweka kwenye mashine. Windows ina swali lake mbele. Na nikisema poti, nina maana ya ile namba ambayo programu inakaa kusikiliza wageni. Wapo wanaoiita bandari, lakini kwa mtu wa Mtwara bandari ni pale meli zinapopakia korosho, tusije tukachanganyana.

Nikiiwasha kwa mkono inakubali. Kwa nini haiamki yenyewe?

Kama kwa mkono inakubali, basi programu ni nzima. Usiifute ukaifunga upya. Nimeona watu wakifunga xrdp mara tatu kwa siku moja, na kesho yake asubuhi wako palepale.

Jiulize hivi: wewe ulipoandika amri saa mbili asubuhi, kulikuwa na kitu gani ambacho mashine ilipokuwa inaamka hakikuwepo? Mtandao ulikuwa umeshapata anwani. Diski ya nje ilikuwa imechomekwa. Wewe mwenyewe ulikuwa umeingia kwa nenosiri lako, kwa hiyo folda zako zimefunguka. Saa ya mashine ilikuwa imejirekebisha. Mchawi ni mmoja kati ya hao. Linux ya siku hizi huwasha huduma nyingi kwa pamoja ili iamke haraka, na huduma isiyoambiwa imsubiri nani haimsubiri mtu.

Nianzie wapi kuangalia?

Anza kabla hujawasha chochote kwa mkono. Andika:

systemctl is-enabled xrdp
systemctl status xrdp xrdp-sesman
journalctl -u xrdp -u xrdp-sesman -b

Amri ya kwanza ikijibu disabled, safari yako imeishia hapo. Huduma haikuagizwa kuamka pamoja na mashine. Aliyeifunga aliiwasha siku ile, ikafanya kazi, akaondoka na nauli yake. Dawa ni hii:

sudo systemctl enable --now xrdp

Ikijibu masked, kuna mtu aliifungia kabisa kwa makusudi. Muulize kwa nini kabla hujaifungua kwa unmask.

Ya pili inakuonyesha hali ya sasa. Nimetaja huduma mbili kwa sababu xrdp ni wafanyakazi wawili: mmoja anakaa mlangoni kwenye poti 3389 kupokea wageni, mwingine, sesman, ndiye anayemkagua mgeni nenosiri na kumpa chumba. Wa mlangoni anaweza kuwa mzima na wa ndani amelala. Mgeni atapokelewa, ataandika nenosiri, kisha atakaa hapo mpaka achoke.

Ya tatu ndiyo yenye ukweli. Inakusomea logi, yaani yaliyoandikwa na mfumo tangu mashine ilipowaka. Watu wengi huishia kwenye mstari mwekundu wa mwisho unaosema imeshindwa, lakini sababu huwa mistari mitano au sita juu yake. Kama mashine imeshazimwa na kuwashwa tena, weka -b -1 upate ya mara iliyopita. Ikisema haina kumbukumbu ya nyuma, tengeneza folda ya /var/log/journal ili safari ijayo ihifadhi. Mafaili ya /var/log/xrdp.log na /var/log/xrdp-sesman.log nayo yasome.

Logi inasema haikuweza kushika anwani. Anwani gani tena?

Fungua /etc/xrdp/xrdp.ini uangalie mstari wa port. Ukikuta namba tupu, 3389, huyu si mchawi wako. Ukikuta anwani nzima ya mashine imeandikwa hapo, mfano tcp://192.168.1.10:3389, umempata. Programu imeagizwa ikae kwenye anwani ile tu, na wakati inaamka mashine bado haijapewa anwani hiyo. Logi huandika:

Cannot assign requested address

Mafundi wengi watakwambia uiagize isubiri mtandao. Ni ushauri mzuri, lakini kwa mazingira yetu hautoshi. Umeme ukirudi, kompyuta na ruta huwaka pamoja. Kompyuta yenye diski ya SSD imeshaamka kabla ruta haijamaliza kujipanga, na huduma ya kusubiri mtandao nayo haisubiri milele. Muda wake ukiisha inawaachia wengine waendelee. Kwa hiyo mimi naweka yote mawili, kusubiri na kujaribu tena. Andika:

sudo systemctl edit xrdp

kisha ndani yake:

[Unit]
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
Restart=on-failure
RestartSec=15

Usipunguze hizo sekunde 15. Mfumo wenyewe, usipoubadilisha, huchoka huduma ikijaribiwa mara tano ndani ya sekunde 10, ukaiacha na kuandika kwamba imerudiwa haraka mno. Ikishafika hapo, isafishe kwanza kwa sudo systemctl reset-failed xrdp.

Ukitaka kujaribu kama dawa imekubali, usitumie amri ya reboot peke yake. Zima mashine, zima na ruta, washa vyote viwili kwa swichi moja ya ukutani. Huo ndio mtihani ambao umeme utakupa.

Ofisi haina waya, tunatumia waifai. Rimoti inafunguka tu karani akishaingia kwenye mashine. Kwa nini?

Hili linasumbua ofisi ndogo kuliko yote, na halina kosa lolote kwenye seva. Ulipounganisha waifai kwa mara ya kwanza ulibofya jina, ukaandika nenosiri, ukaendelea na kazi. Kwenye mashine nyingi nenosiri lile huwekwa kwenye kabati la siri la mtumiaji aliyekuwa ameingia. Kabati hilo hufunguka akiingia yeye. Kabla ya hapo mashine imeamka, xrdp imeamka, inasikiliza vizuri kabisa, lakini haina mtandao wa kumletea mgeni.

Dalili yake ni hiyo uliyoisema: karani akichelewa, rimoti inachelewa. Siku ya Jumapili haipo kabisa.

Fungua mipangilio ya mtandao ule uweke alama kwamba watumiaji wote wa mashine wanaruhusiwa kuutumia, na nenosiri lihifadhiwe kwa ajili ya wote. Kwa amri ni hivi, ukiweka jina la mtandao wako:

sudo nmcli connection modify "Ofisi" connection.permissions "" 802-11-wireless-security.psk-flags 0

Ukimaliza, andika nenosiri la waifai upya mara moja kwenye mipangilio hiyo. Modemu ya kuchomeka nayo ina tabia hiyohiyo. Na kama uwezo upo, nunua waya. Mita kumi za waya wa mtandao zitakuokolea simu nyingi kuliko ukurasa huu.

Anwani ilikuwa 192.168.1.10, leo hatuioni.

Ruta imegawa anwani upya ilipowaka, na seva imepewa nyingine. Ingia kwenye ruta, itengee seva anwani moja ya kudumu kwa kutumia namba ya kadi yake ya mtandao.

Logi inasema poti inatumika tayari, wakati sijafunga programu nyingine.

Muulize mfumo nani amekaa hapo:

sudo ss -ltnp | grep 3389

Kuanzia Ubuntu 22.04, kipengele cha kushiriki skrini kilicho kwenye mipangilio ya kawaida nacho hutumia RDP, lugha ya rimoti ileile ya xrdp, na hukaa poti hiyohiyo 3389. Kuna mtu alibofya swichi ile akidhani anasaidia. Sasa ni wawili mlangoni, anayewahi ndiye anayekaa, na ndiyo maana siku nyingine inakubali, siku nyingine inakataa. Chagua mmoja. Kwa mashine isiyokaliwa na mtu mimi nachagua xrdp, kwa sababu kile cha mipangilio, kwenye toleo hilo, kinataka mtumiaji awe ameingia kwanza. Na hata ukiweka mashine ijiingize yenyewe bila nenosiri, lile kabati la siri linabaki limefungwa, na nenosiri la rimoti limo humo.

Natumia VNC, siyo xrdp. Ilikuwa inaamka, sasa haiamki tena.

VNC ina visa vingi zaidi. Kwanza elewa namba zake: skrini ya :1 inakaa poti 5901, ya :2 inakaa 5902, na kuendelea.

Kisa cha kwanza ni faili la huduma lililonakiliwa mahali fulani. Mara nyingi lina mstari wa kuua seva ya zamani kabla ya kuanzisha mpya. Mashine ikiwa ndiyo kwanza inaamka hakuna seva ya zamani ya kuua, amri ile inashindwa, na huduma nzima inasimama hapo. Angalia mstari wa ExecStartPre: mara baada ya alama ya sawasawa lazima kuwe na kistari kidogo, hivi:

ExecStartPre=-/usr/bin/vncserver -kill :%i

Kistari hicho maana yake ni kwamba hata ukishindwa, songa mbele. Ni alama ndogo kama punje ya ulezi, na imeshanilia asubuhi nzima.

Kisa cha pili ni jina la mashine. Huduma hizo za kunakili huambiwa zitafute faili lenye jina la mashine, kwenye folda ya .vnc, likiishia na .pid. Ukibadilisha jina la kompyuta, au VNC ikaandika jina refu wakati mfumo unatafuta jina fupi, seva itaamka kweli, mfumo utakosa faili, utasubiri, kisha utaiua seva uliyoiamsha wenyewe. Ingia kwenye folda ile ulinganishe majina kwa macho.

Kisa cha tatu ni kufuli lililobaki. Seva ikifa vibaya huacha /tmp/.X1-lock na kingine /tmp/.X11-unix/X1, na inayofuata inaona chumba kina mtu. Mifumo mipya hufagia vitu hivi mashine inapowaka, kwa hiyo utakutana nalo zaidi kwenye mashine za zamani, au pale seva ilipokufa mashine ikiwa bado inawaka. Hakikisha hakuna seva inayoishi, kisha yafute.

Kuna na la toleo. TigerVNC ilibadilisha utaratibu kuanzia 1.11, mwaka 2020. Sasa mtumiaji anaandikwa kwenye /etc/tigervnc/vncserver.users, kwa mfano :1=asha, halafu unawasha huduma ya vncserver@:1, ambayo kwenye Debian na Ubuntu inaitwa tigervncserver@:1. Faili la huduma la zamani juu ya programu mpya halielewani. Ukiona lilivunjika baada ya kusasisha mfumo, anzia hapa.

Na kama folda ya mtumiaji imefungwa kwa usimbaji, haifunguki mpaka mwenyewe aingie. Faili la nenosiri la VNC limo ndani yake. Hapo hakuna ujanja, hamishia huduma kwa mtumiaji mwingine.

Niliweka amri kwenye crontab kwa @reboot. Ni kosa?

Si kosa, ila cron, ile programu inayoendesha amri za crontab kwa ratiba au mashine inapowaka, humpa mtumishi wake mazingira matupu: njia za programu ni chache, na kuna VNC za zamani zinazokataa kuanza zisipoona jina la mtumiaji kwenye kigezo cha USER. Tena ikishindwa hakuna wa kuijaribu tena. Itoe, tumia systemd, yaani mfumo huu wa huduma tunaouamuru kwa systemctl.

Mashine inaishia kwenye maandishi meupe, inaomba nenosiri la mkuu. Rimoti, SSH (njia ya kuingia kwa kuandika amri), vyote havipo.

Hiki ndicho kisa kilichonipeleka Newala kwa basi la alfajiri, ukungu bado umekaa juu ya mikorosho. Nilibeba diski ya akiba, pawa saplai na kadi ya mtandao. Nilipofika nikasoma skrini, nikamuuliza dada karani kama kuna kitu kilichomolewa. Akanijibu, "Ile diski nyeusi, kaka, niliichukua Ijumaa kunakili nyimbo za harusi."

Ilikuwa diski ya nakala rudufu. Aliyeifunga, naye ni mimi, aliiandika kwenye /etc/fstab, orodha ya diski ambazo mfumo hufungua unapoamka, kama diski ya lazima. Mfumo ulipoamka ukaitafuta kwa sekunde 90, ukaikosa, ukaingia hali ya dharura na kukataa kuendelea na lolote. Diski yoyote inayoweza kuchomolewa iwekee maneno haya kwenye safu ya nne ya mstari wake:

defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s

Sasa ikikosekana mfumo unasubiri sekunde 10 na kuendelea na safari. Nauli ya kurudi nilijilipia mwenyewe.

Saa ya kompyuta inarudi nyuma kila umeme ukikatika. Ina uhusiano?

Unao, na watu huupuuza. Betri ndogo ya kwenye ubao, mara nyingi CR2032 ya volti 3, imekufa. Mashine inaamka ikidhani ni miaka iliyopita mpaka ipate intaneti ijirekebishe. Katika muda huo vyeti vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Kibaya zaidi ni kwa wanaopitia WireGuard, ile njia ya siri (VPN) ya kuunganisha mashine kupitia intaneti. Kila salamu ya WireGuard hubeba muda, na upande wa pili hukataa salamu yenye muda wa nyuma kuliko ile ya mwisho aliyoipokea. Kwa hiyo njia haifunguki, na ukikagua seva huoni kosa lolote. Nunua betri. Logi nazo zitaacha kuonyesha tarehe za ajabu.

Diski imejaa. Inaweza kuzuia rimoti?

Inaweza. VNC ikishindwa kuandika faili lake la .Xauthority haianzi. Angalia kwa df -h, kisha punguza logi za zamani:

sudo journalctl --vacuum-size=200M

Inaamka, napokelewa, kisha naona skrini nyeusi au inanitoa.

Huko si kushindwa kuamka, ila mnaniuliza sana, basi kwa ufupi. Ikiwa mtumiaji huyohuyo ameacha ameingia kwenye mashine yenyewe pale ofisini, mtoe. Ikiwa hata ukurasa wa kuingilia hauji, huenda xrdp hairuhusiwi kusoma ufunguo wa cheti:

sudo adduser xrdp ssl-cert
sudo systemctl restart xrdp

Sisi tunatumia Windows.

Kwanza angalia toleo. Windows ya Home haipokei rimoti ya Microsoft hata ufanye nini, inatakiwa Pro. Huduma yenyewe inaitwa TermService, iulize kwa sc query TermService. Kisha andika netstat -ano | findstr 3389 uone kama kuna anayesikiliza. Vyote vikiwa sawa, kagua mipangilio ya umeme: mashine inayoruhusiwa kulala italala, na aliyelala hapokei mgeni. Kama ilizimika katikati ya masasisho, ipe muda imalize kabla hujaanza kubadilisha kitu.

Umeme umerudi, mashine haikuwaka kabisa.

Ingia BIOS, yaani mipangilio ya ubao wa mashine inayofunguliwa kabla mfumo haujaamka. Sehemu ya umeme ina kipengele kinachouliza mashine ifanye nini umeme ukirudi baada ya kukatika: ibaki imezimwa, iwake, au irudie hali iliyokuwa nayo. Chagua iwake. Na nunua UPS, hata ndogo, ya kuipa nafasi izime kwa adabu. Kwa walio karibu na bahari, kama Shangani au Mikindani, kagua na kutu kwenye meno ya ramu. Chumvi ya hewani inakula polepole.

Si rahisi kuifungua 3389 kwenye ruta, niingie moja kwa moja kwa intaneti?

Ni rahisi, na usifanye. Kuna roboti zinazopitia anwani za dunia nzima usiku na mchana zikitafuta poti hiyo. Mei 2019 Microsoft walitangaza tundu lililoitwa BlueKeep, lililomwezesha mtu kuingia kwenye Windows za zamani kupitia rimoti bila hata nenosiri. Tena ukitumia laini ya simu, mara nyingi huna anwani ya umma ya peke yako, kwa hiyo hata ukifungua poti hakuna atakayefika. Tumia WireGuard au pitia SSH:

ssh -L 3390:localhost:3389 asha@anwani-ya-seva

halafu rimoti yako uielekeze localhost:3390. Kwenye seva, kwa kutumia ufw, mlinzi wa poti wa Ubuntu, ruhusu mtandao wa ofisi peke yake:

sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 3389 proto tcp

Ila kabla hujawasha ufw, ruhusu SSH kwanza. Kuna mtu alijifungia nje ya mashine ya Masasi akiwa amekaa sebuleni kwake Chuno, na simtaji.

Nimejaribu yote. Nikikupigia niwe na nini?

Nitakuuliza mambo manne. Skrini ya mashine yenyewe inaonyesha nini sasa hivi. Piga picha, usinisimulie. Ruta ina taa zipi. Nini kilibadilika wiki hii, hata kama unaona hakihusiki: jina la mashine, ruta mpya, sasisho, meza kuhamishwa. Na karatasi ya logi, ambayo utaipata hivi:

journalctl -b > logi.txt

Nitumie faili lote, usichague mistari. Na usiizime mashine mpaka nimelisoma.